Baiskeli sita kwenye tuta la reli: uchambuzi wa kisa kimoja cha bonde la Lukuledi

Majina ya watu, ya kikundi na ya vijiji nimeyaficha. Umbali nimeuacha kama ulivyo kwenye daftari langu, kwa sababu bila umbali kisa hiki hakisomeki. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho kwenye msafara wa baiskeli wa wageni wetu, yule anayebeba pampu na viraka na kuangalia asibaki mtu nyuma. Kwa hiyo mambo ya mbele niliyaona kupitia migongo ya wenzangu, na msomaji alizingatie hilo.

## Ombi lilivyokuja

Kikundi chetu kina watu watano wa Mtwara mjini, baiskeli nane, na hakina ofisi. Tunatembeza wageni: Mikindani kwa nusu siku, Msimbati kwa siku nzima, na mara mojamoja safari ya kulala njiani. Kwetu sote hii ni kazi ya pembeni. Kiongozi wetu anauza vifaa vya ujenzi, fundi wetu ana kijiwe chake cha baiskeli, na mimi nina mambo yangu.

Mwezi wa tisa alitupigia simu mama mmoja, mzaliwa wa Lindi, aliyeishi Ubelgiji miaka kumi na kitu. Huko alizoea kuendesha baiskeli kila Jumapili kando ya mfereji unaotoka Bruges, unapita Damme na kuishia Sluis, upande wa Uholanzi. Mfereji ule uliagizwa na Napoleon na kuchimbwa na wafungwa wa vita wa Kihispania, una urefu wa takriban kilomita 15, na siku hizi umebaki wa watu kutembea. Miti ya popla imesimama kingoni, imeinama kwa upepo, na mashamba bapa yametandazwa kulia na kushoto. Alisema anakuja nyumbani Januari, na atakuwa na mdogo wake na binamu zake wawili wa Dar es Salaam. "Nataka kitu kama kile, lakini cha kwetu. Tambarare, kando ya maji, na gari nisilione."

Kiongozi alikubali kabla simu haijakatwa. Sisi wengine tulisikia jioni.

## Kwa nini tulifikiria reli

Njia za kando ya mifereji ya Ulaya hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Mashua zilivutwa na farasi. Farasi anatembea ukingoni, kamba begani, mashua inamfuata. Na kwa kuwa maji hayapandi mlima, ukingo nao haupandi. Canal du Midi ya kusini mwa Ufaransa, iliyochimbwa kuanzia 1666 hadi 1681, ina urefu wa kilomita 240, na mwinuko unaukuta tu pale penye milango ya kuinua mashua kutoka ngazi moja ya maji hadi nyingine. Anayepita hapo leo na baiskeli anakula jasho la watu waliokuwa wanamfikiria farasi.

Kusini kwetu hakuna mfereji wa namna hiyo, lakini kuna ndugu yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga huku Tanganyika, na moja ya sehemu zilizochaguliwa ni Nachingwea. Ili karanga zifike baharini ikajengwa reli: kwanza kutoka Mkwaya, ndani kabisa ya mkono wa bahari wa Lindi, halafu na kutoka Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilikuwa inajengwa. Karanga za kujaza mabehewa hazikupatikana. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Palipobaki kitu, kilichobaki ni tuta. Na treni haina tofauti na farasi wa mashua, mlima hauwezi. Reli ikipanda mita 2 kwa kila mita 100 huo tayari ni mwinuko mkali. Ndiyo maana palipopita reli, baiskeli inapita bila mtu kuinuka kwenye siti.

Haya yote ni kweli, na ndiyo yaliyotuponza. Tuliijua historia ya lile tuta kuliko tulivyomjua anayelima pembeni yake.

## Ukaguzi wa Oktoba

Mimi na kiongozi tulikwenda kukagua wikiendi ya tatu ya Oktoba. Ratiba tuliyoipanga ilikuwa hivi: siku ya kwanza kilomita 34 kuzunguka Mikindani na mashamba ya chumvi, siku ya pili wageni wapandishwe kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, hadi karibu na Mnazi Mmoja, kisha kilomita 38 za bonde la Lukuledi, 27 kati ya hizo mahali gari haliingii.

Picha ya setilaiti kwenye simu ilionyesha mstari ulionyooka kama uzi. Unapotea chini ya mikorosho, unaibuka mbele, unapotea tena. Tulipofika tukakuta hivyohivyo. Tuta lina changarawe ngumu juu, limeota nyasi katikati, na watu wamelichonga kijia cha miguu. Pale lilipokatika tulishuka na kukata katikati ya majaruba ya mpunga. Mpunga ulishavunwa, udongo umepasuka vipande vya ukubwa wa sahani, na baiskeli inapita juu yake kama inapita sakafuni, inagongagonga tu kidogo. Simu ilikuwa inarekodi njia. Saa nne asubuhi tulikuwa tumemaliza, tunakunywa madafu.

Tuliyezungumza naye ni mtu mmoja tu. Mzee alikuwa anasuka makuti chini ya mnazi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza tumepotea au tunatafuta nini. Tukamweleza. Akayatazama matairi yetu, akasema, "Njia ipo. Ila masika huwa inahama."

Kiongozi alicheka, akamshukuru, tukaondoka. Kwenye daftari niliandika "mzee: njia inahama?" na alama ya kuuliza. Sikuufungua tena ukurasa huo hadi Januari.

## Siku ya kwanza

Ya siku ya kwanza ni machache. Mashamba ya chumvi hupata maji ya bahari wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana. Maji yanaingia kwa mfereji, lango linafungwa, halafu yanahamishwa kidimbwi hadi kidimbwi jua likiyakoleza. Kuta za udongo kati ya vidimbwi zinapitisha toroli la chumvi, na panapopita toroli baiskeli haishindwi. Januari chumvi haipo, mvua imeshayapoza maji yote, lakini mlinzi yupo. Tulikuwa tumempigia mwenye shamba wiki moja kabla. Mlinzi alikuwa na majina yetu kwenye karatasi, akatutangulia kwa miguu na kutuonyesha kuta mbili zilizolegea kwa mvua tusizikanyage. Tukapita kilomita 6 kama wafalme, maji huku na huku, yangeyange wanaruka mbele yetu. Jioni Mikindani, picha mbele ya Boma la Wajerumani la mwaka 1895, pweza, kulala.

Huyo mlinzi namtaja makusudi. Nitarudi kwake.

## Siku ya pili

Mvua ilinyesha usiku kucha na kukatika alfajiri. Kwenye kirikuu fundi alianza kuzungumza na kiongozi juu ya madigadi, vile vikinga tope vya juu ya magurudumu.

"Kaka, tuvue madigadi haya."

"Kwa nini?"

"Tope la bondeni siyo la mchanga. Litajaa humu ndani, gurudumu litagoma."

Kiongozi alijibu kwamba wageni watarukiwa tope mgongoni tangu mita ya kwanza, nao wamekuja kupiga picha. Madigadi yakabaki. Kuhusu kuahirisha, lilitajwa mara moja tu: binamu mmoja alikuwa na basi la kurudi Dar es Salaam kesho yake, basi likaamua.

Kilomita 11 za mwanzo zilikuwa ndizo alizoziomba mama. Tuta lilikuwa limekunywa mvua yote na kuwa imara kuliko Oktoba, vumbi hakuna, mikorosho kulia, mpunga kushoto. Aligeuka akaniambia hajasikia injini tangu tuanze. Kweli, zilikuwa zinasikika cheni zetu tu.

Kwenye kilomita 11 na nusu hivi tuta likakatika. Pale palipokuwa na majaruba makavu Oktoba palikuwa na maji, na kwenye maji miche imesimama kwa mistari, kijani cha juzi. Mstari kwenye simu ulipita katikati yake bila haya. Tulisimama. Kurudi kilomita 11, au kuingia majini na kukanyaga mpunga wa watu, jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Kulikuwa na ukuta wa mfereji unaoyalisha majaruba. Ulizunguka upande wa kushoto na kwa kukadiria mita 700 mbele ulikutana tena na tuta. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Kibanda kimoja mbali, moshi kidogo.

Kiongozi akasema, "Tupite juu ya ukuta. Endesheni polepole, msisimame, ukisimama unaanguka."

Ule ukuta nitauelezea, maana kila kitu kimo humo. Upana wake ni wa mtu kuweka mguu mbele ya mguu. Ulikuwa umepakwa tope jipya kwa mikono. Mifereji midogo ya vidole vinne ilikuwa bado inaonekana ubavuni, kama kwenye ukuta wa nyumba iliyokandikwa jana. Mguu wa mtu ukikanyaga pale unalikandamiza tope. Tairi linalikata. La kwanza limekata mstari, la pili limepita humohumo, na la tatu, la mdogo wake mama, lilikuwa linazama karibu kufika rimu.

Kama mita 250 hivi gurudumu lake la mbele likagoma. Tope jeusi lilijaa kati ya tairi na madigadi likawa kama breki. Akaweka mguu chini, na chini palikuwa pembeni ya ukuta. Pande la udongo la ukubwa wa sinia likamong'onyoka, likaanguka upande wa jaruba, yeye na baiskeli vikafuata.

Maji yalianza kutoka kama chai kwenye birika. Nilipofika mbio, nikiwa nimeitupa baiskeli yangu, mkondo ulikuwa wa upana wa kiganja. Nikasimama kwenye pengo kwa miguu yote miwili, nikaona haitoshi, nikakalia. Ndiyo, nilikaa kwenye maji katikati ya ukuta na begi la viraka mapajani, na maji yakawa yanapita kushoto na kulia kwangu, yanautafuna udongo. Chini yangu miche ilianza kulala mmojammoja, kama watu wanaosinzia kwenye basi.

Kutoka kibandani zilikuja sauti kabla ya watu. Wanawake watatu na kijana mwenye jembe.

"Nani kawaambia hapa njia?"

Kimya.

"Hii njia ya maji!"

Kiongozi akatoa noti mbili za elfu kumi. Yule mama mtu mzima aliyetangulia hakuzitazama hata kuzitazama. "Hela ya nini na maji hayajasimama?" Akanipita, akaenda juu mfereji ulikoanzia, akaziba kwa gunia na udongo. Ndipo mkondo ukapungua.

Mgeni wetu, yule mama wa Ubelgiji, alikuwa ameshavua viatu. Aliingia kwenye jaruba mpaka magotini, akaanza kuokota mapande ya udongo na kumpa kijana. Hakuna aliyemwambia. Baada ya muda akaulizwa, "Wewe wa wapi?" Akataja kijiji cha mama yake, mwendo wa saa mbili kutoka pale.

"Kumbe wa hapahapa! Na unapita shambani kwa watu bila hodi?"

Mambo yakawa mabaya zaidi kwa dakika kama tano, halafu yakawa mepesi. Mgeni angesamehewa haraka na kusahauliwa. Mtoto wa nyumbani alisemwa ipasavyo, kisha akapewa jembe.

Kuujenga ukuta kulituchukua karibu saa mbili. Katikati ya kazi akafika mwenyekiti wa kitongoji akiwa juu ya Phoenix nyeusi. Haikuwa na madigadi. Fundi hakuwepo kuiona, nikampigia picha.

Mwenyekiti alitusikiliza sote, akahesabu miche iliyolala, akakubaliana na mwenye jaruba shilingi 60,000. Kiongozi akazitoa, ikaandikwa karatasi, tukatia saini. Kisha mwenyekiti akatutoa mwenyewe kwa vijia alivyovijua hadi barabara ya kijiji, na kutoka hapo hadi lami, kilomita 8 kwa jumla. Binamu mmoja alishikwa na kizunguzungu cha jua njiani. Tukampa maji yenye sukari na chumvi, tukamkalisha kivulini, mwisho bodaboda ikamfikisha kwenye kirikuu.

## Hesabu ya mwisho

Kilomita 38 zilizoahidiwa zilikuwa 19 na vipande. Hakuumia mtu. Kikundi kilirudisha nusu ya malipo ya siku ya pili. Mama alipokea, akahesabu mbele yetu, akaweka mkobani. Wiki mbili baadaye nilikuwa Mnazi Mmoja nanunua maji, mtu nisiyemjua akaniuliza, "Nyie ndio mliobomoa mfereji?" Habari ilitembea zaidi kuliko baiskeli zetu.

## Uchambuzi

Tulipojadili, kila mmoja alikuja na kosa lake. Fundi alisema madigadi, na ana haki. Kiongozi alisema mvua ya usiku; kwamba bila mvua ile ukuta ungekuwa mkavu na tungepita. Hapa sikubaliani naye mpaka leo. Ukuta ungekauka, sawa, lakini ungebaki wa mtu.

Kwenye chumvi kulikuwa na mlinzi, tukapiga hodi. Kwenye mpunga hakukuwa na mlinzi, tukapita. Huo ndio mzizi wa kisa chote kwa maoni yangu. Tulichukulia kwamba pasipo na lango wala geti pako wazi, wakati mwenye jaruba analilinda kwa njia nyingine: kila mtu wa pale anajua ukuta wa nani ni upi. Kukosekana kwa magari, kile tulichokuwa tunakiuza, kulitufanya tuone kana kwamba na watu hawapo. Tulikuwa tumetafuta kwa bidii mahali pa upweke, na tulipokuta mashamba yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka hatukujiuliza mistari imepigwa na nani.

Mfano wa Ulaya nao ulitupotosha kidogo. Ukingo wa mfereji wa kule una mamlaka moja inayousimamia, inafyeka nyasi, na ukibomoka inaweka kibao cha kufunga njia. Baiskeli inapita kwa ruhusa, hata kama mwendeshaji haioni ruhusa hiyo. Kwetu tuta la reli limebaki yatima, na lililolizunguka ni ardhi ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ofisi ya kijiji tuliipita Oktoba. Bendera ilikuwa inapepea. Tungesimama dakika kumi, mtendaji angetuambia lini wanafungulia maji na nani wa kumwona.

Suala la msimu lina undani wake. Kukagua Oktoba kwa safari ya Januari ni kukagua mahali pengine. Na ramani ya simu haikusaidii kuligundua hilo: picha za setilaiti huchaguliwa zile zisizo na mawingu, na kwetu anga bila mawingu ni kiangazi. Maana yake ukitazama Kusini kwenye simu unaitazama kiangazi karibu kila siku ya mwaka. Mzee wa makuti alikuwa na ramani bora kuliko hiyo na aliitoa bure, kwa sentensi moja. Tulipaswa kuketi chini na kumuuliza inahamia wapi.

Kuhusu vifaa, watu wengi hukimbilia kulaumu tairi. Tairi halikuwa na kosa. Baiskeli hizi mpya zinazoitwa za changarawe zina tairi la milimita 40 au zaidi kidogo, nalo linasifiwa kama uvumbuzi; Phoenix ya mwenyekiti ina tairi la inchi 28 kwa moja na nusu, ambalo ni milimita 40 zilezile, na limepita bondeni hapo miaka mingi. Tofauti ilikuwa nafasi ya tope kutoka. Udongo mweusi wa mfinyanzi hauanguki wenyewe, unajipaka tabaka juu ya tabaka, na madigadi ya chuma yaliyokaribiana na tairi ni kama kalibu ya kufyatulia tofali.

Yapo tuliyofanya vizuri, machache. Kirikuu kilikuwa sambamba nasi barabarani, na simu ya fundi ilikuwa na salio. Maji yalitosha, lita 4 kwa kila mtu, na yule binamu asingeinuka bila hayo. Tulibaki mpaka ukuta ukasimama. Lile la noti mbili za haraka lilikuwa baya. Nimeona waongoza wageni wengi wakilifanya, na hugeuza kosa kuwa dharau. Na lililotuokoa kuliko yote halikuwa letu: ni mgeni aliyevua viatu.

## Kilichofuata

Mwezi wa tano, mvua zilipoisha, tulirudi watatu bila baiskeli. Mwenyekiti akatupeleka kwa mtendaji, mtendaji akatupangia siku ya halmashauri ya kijiji. Tulikaa chini ya mwembe muda mrefu, wengi wakitaka kujua kwanza kwa nini mtu mzima aendeshe baiskeli kwenda mahali asikokuwa na shida. Mwisho wakakubali: kupita ni kuanzia Julai hadi katikati ya Novemba, ada 10,000 kwa kila msafara iingie kijijini kwa stakabadhi, kijana wa kijiji atangulie na alipwe na sisi, na kuta za mifereji zisikanyagwe hata kwa mguu. Njia mpya waliichora wenyewe kwa kuitembea. Inaongeza kilomita moja na nusu na inapita kwenye mikorosho.

Agosti tulipeleka wageni wanane. Hapo tukajifunza mengine mawili. La kwanza, salfa. Wakulima huipuliza mikorosho kwa mashine dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na hupuliza alfajiri, upepo haujaanza na umande bado uko kwenye majani. Ni saa ileile ambayo mwendesha baiskeli anaitaka kwa ubaridi wake. Tuliingia saa kumi na mbili na nusu tukiwa tunatabasamu, na dakika kumi baadaye wote tunatoa machozi. Siku hizi tunaanza saa tatu na kulipia kwa jua. La pili ni mbigiri. Kiangazi zimekauka kandokando ya tuta, miiba juu, na ndani ya kilomita 4 tulipata pancha tisa. Fundi sasa anaweka maji ya kuziba ndani ya mipira, na kila tunaposimama kila mtu anafuta matairi kwa glovu nene. Hilo halimalizi tatizo.

Pale palipobomoka sikuweza kupatambua mpaka kijana aliponionyesha kwa kidole, kwa mbali. Mwenye jaruba alikuwa amekaa kwenye njia mpya na beseni la ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa. Tukanunua ya watu wote, 8,500. Kiongozi akampa noti ya elfu kumi, akamwambia chenji abaki nayo. Mama huyo mwenye jaruba akafungua fundo la khanga, akahesabu elfu moja na mia tano, akamshikisha mkononi.